Kijiji Kinacholala Mchana

Nimekulia Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika mtaa wa Nguba, ambapo mtu akitoka nje usiku huliona Ziwa Kivu likiwa chini yake. Tangu utotoni nimezoea kuzitazama taa za wavuvi zilizotandaa juu ya maji kama kwamba ng'ambo kuna mtaa mwingine wa mji, na kunapopambazuka kumsikia mama muuzaji akipita mlangoni na beseni kichwani, akinadi sambaza. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimewala samaki hao kwa bugali na pilipili bila kukanyaga hata mara moja pwani wanakotoka. Julai 2023, shule zilipofungwa, niliamua kwenda Idjwi.

Idjwi ni kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Kivu, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 340, na katika visiwa vya maziwa ya Afrika kinachokizidi ni Ukerewe tu. Wenyeji wengi ni Wahavu, na pamoja nao wako Wambuti, ambao maisha yao kisiwani yamekuwa magumu kuliko ya jirani zao. Ramani humfanya mgeni adhani kwamba kisiwa hicho ni cha Rwanda, kwa kuwa kiko karibu sana na mpaka; ni mapatano ya mwaka 1910 kati ya wakoloni yaliyokiweka upande wa Kongo, na Wajerumani walikivamia mwaka 1914 kabla ya kuondolewa miaka miwili baadaye. Sisi wa Bukavu tunakijua zaidi kwa mananasi yake.

Nilipanda mashua ya mbao pale Muhanzi, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya saruji, katoni za sabuni na madumu ya mafuta, na baada ya saa tatu hivi nilishuka katika kijiji kidogo cha upande wa magharibi wa kisiwa, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa wenyeji wangu waliniomba hivyo. Nilipokelewa na baba wa mwalimu mwenzangu, mzee aliyevua tangu ujana wake, pamoja na mkewe. Nilimwita Mzee, na mkewe nilimwita Mama. Wao waliniita Mwalimu, na kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kikiniita hivyo.

Kilichonishangaza kwanza ni ukimya. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kiangazi limefifia kwa ukungu, na pwani nzima hapakuwa na sauti isipokuwa ya maji yakipiga mawe taratibu. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, nyavu zilitundikwa juu ya miti, na milango mingi ilikuwa imefungwa. Kwa mtu aliyetoka Bukavu, ambako pikipiki, redio na mahubiri hushindana tangu alfajiri, ukimya ule ulikuwa kama maji ya kunywa. Usiku ule mwezi mkubwa na mweupe uliangaza ziwa lote. Nikamwomba Mzee anitafutie nafasi katika mtumbwi mmojawapo niende kuwatazama wavuvi wakifanya kazi.

Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, «Mwalimu, umekuja na mwezi.»

Sikuelewa, naye akanieleza. Sambaza huvuliwa kwa taa. Katika usiku wa giza, taa huvuta wadudu wadogo wa majini, na samaki hupanda kuwafuata. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga umejaa ziwa zima, samaki wametawanyika, na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Kwa siku kadhaa katika kila mwezi nyavu hazishuki majini. Wanaume hushona matundu, huziba nyufa za mitumbwi, hukopa. Ndipo nilipoanza kuona ambavyo sikuviona mchana: kwamba chakula tulichopewa jioni kilikuwa maharage na sombe, yaani majani ya muhogo, na kwamba Mama alikuwa ametuma mtoto nyumba ya tatu kuomba chumvi ili mgeni asijue kwamba imekwisha. Ukimya niliokuwa nikiusifu moyoni ulikuwa ukimya wa watu wasio na mapato wiki hiyo. Niliondoka baada ya siku mbili, na Mzee akanisindikiza hadi majini akisema, «Rudi na giza.»

Nilirudi baada ya wiki mbili, mwezi ulipokuwa haupo kabisa.

Safari hii pia nilifika mchana na nikakuta milango imefungwa na hakuna sauti, lakini Mama aliponipokea aliweka kidole mdomoni, akanionyesha chumba ambamo vijana wake wawili walikuwa wamelala. Watoto waliocheza karibu walifukuzwa waende mbali. Kijiji chote kilikuwa kikilinda usingizi. Kwa macho ya mpita njia, mchana ule na mchana wa safari yangu ya kwanza havikuwa na tofauti yoyote, na nadhani wageni wengi wanaokuja kisiwani kutafuta utulivu huondoka bila kujua ni upi kati ya hiyo miwili waliouona.

Kunako saa kumi na moja jioni watu walianza kutoka. Chombo cha kuvulia sambaza si mtumbwi mmoja bali ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti ya kukingama, na mbele na nyuma imefungiwa miti mirefu myembamba iliyoinuka juu ya maji kama pembe, ambayo ndiyo hushikilia wavu. Tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja nami. Walipoanza kupiga makasia, mmoja aliinua wimbo kwa Kihavu na wengine wakaitikia, na pigo la kasia liliangukia kila itikio. Nimesikia nyimbo hizo kwa mbali maisha yangu yote, nikidhani ni furaha tu ya wavuvi. Ukiwa ndani ya mtumbwi unatambua kwamba wimbo ndio unaoongoza mikono: ukikatika, makasia hugongana. Jua lilikuwa likizama nyuma ya mlima Kahuzi, na kutoka kila hori ya pwani vyombo vingine vilikuwa vikitoka, kila kimoja na wimbo wake.

Giza lilipoingia waliwasha taa. Zamani zilikuwa taa za kupampu zinazotumia mafuta ya taa, ambazo wazee bado huziita koleman. Siku hizi wengi wana taa za betri zinazochajiwa kwa jua, na vijana walinieleza kwamba gharama ya mafuta iliyokuwa ikila nusu ya usiku wao imepungua. Wavu ukashushwa, nasi tukakaa kungoja. Ni katika kungoja huko ndipo mazungumzo yalipokuja.

Niliwauliza kama wanajua kilicho chini yetu. Wanajua vizuri. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini samaki huishi katika tabaka la juu tu, kwa sababu huko chini hakuna oksijeni. Maji ya kilindini yamejaa gesi ya kaboni na methani, ambayo ng'ambo ya Rwanda huvutwa na kugeuzwa umeme. Kijana mmoja alisema, bila kuonyesha hofu, kwamba wao huvua juu ya paa la nyumba ambayo hawajui mwenyewe ataamka lini. Nao sambaza wenyewe ni wageni. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati ambapo maji ya katikati ya ziwa letu hayakuwa na samaki wa kuyakaa. Nilipomwambia hivyo yule mkuu wa chombo, alijibu kwamba babake alimsimulia vivyo hivyo, na kwamba mgeni akilisha watu kwa miaka sitini amekuwa mwenyeji.

Wavu ulipandishwa mara tatu usiku ule. Mara ya kwanza walipata kidogo. Mara ya pili, baada ya saa sita za usiku, watu wote waliinama kuvuta kwa pamoja, na nilipochungulia niliona maji yakichemka kwa fedha. Sina neno lingine la kuieleza rangi ile. Baridi ilikuwa kali, na aliyekuwa karibu yangu alinivika koti lake bila kuniuliza. Mara ya tatu ilikuwa karibu na alfajiri. Mkuu wa chombo aliokota konzi moja ya samaki, akanionyesha jinsi walivyo wadogo, akasema kwamba wapo wanaovua kwa vyandarua vya mbu karibu na pwani, wakizoa watoto wa samaki kabla hawajakua. Aliongea kama mtu anayemzungumzia mwizi wa nyumbani mwake.

Pwani wanawake walikuwa wameshakusanyika na mabeseni. Bei ilipatikana kwa haraka kuliko nilivyotarajia, gobele kwa gobele, yaani kikombe cha kupimia, huku sehemu ya mwenye wavu na gharama za usiku zikitengwa kwanza na kilichobaki kikigawanywa kwa wavuvi. Kwa nusu saa kulikuwa na kelele kama za soko la Kadutu kule Bukavu. Wengine walianika samaki juu ya nyavu kuukuu, wengine wakakimbilia mashua ya Bukavu. Kisha, kabla ya saa tatu asubuhi, milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Nami nilijilaza kwenye mkeka nyumbani kwa Mzee, nikasikia Mama akiwaambia watoto nje, «Mwalimu naye alikesha. Nendeni mbali.»

Kwa anayetaka kwenda, nina mambo mawili ya kumwambia. Kwanza, aulizie jile, yaani koti la kuelea majini, kabla ya kukanyaga mashua, na kama chombo kimejaa kupita kiasi asubiri kingine hata kesho yake. Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwangoja ndugu zao, na makumi ya abiria wakafa. Mimi mwenyewe safari ile ya kwanza nilisafiri bila jile, na sitarudia.

Pili, aangalie mwezi kabla ya kupanga tarehe. Akienda kwenye giza atawakuta kazini, naye achukue koti zito. Akienda kwenye mbalamwezi, apeleke unga, mafuta na chumvi kwa wenyeji wake.