Damu Moja, Hesabu Tofauti: Kupima Madhara ya Kromosomu Katika Maabara Mbalimbali

Maabara inapotoa taarifa kwamba katika kila seli 1,000 za damu ya mtu fulani seli 12 zina kiini kidogo, mimi hutaka kwanza kujua ni nani aliyezihesabu na kwa kanuni zipi. Bila hayo, siwezi kuilinganisha namba hiyo na ile iliyotoka katika maabara nyingine, hata kama damu ni ya mtu yule yule.

Kiini kidogo ni kipande cha kromosomu iliyovunjika, au wakati mwingine kromosomu nzima, kilichoachwa nyuma seli ilipokuwa ikijigawa, kikabaki peke yake kando ya kiini kikuu. Limfosaiti, yaani aina ya seli nyeupe za damu, zinapozunguka katika damu kwa kawaida hazijigawi, kwa hiyo huchochewa kwanza katika chupa ya kuoteshea seli kwa dawa ya fitohemaglutinini. Inapofika saa ya 44 hivi tangu kuoteshwa, huongezwa kemikali ya sitokalasini B, ambayo huzuia mwili wa seli usikatike ilhali kiini chake kimekwisha kugawanyika. Ifikapo saa ya 72 seli huvunwa, na zile zenye viini viwili hujulikana papo hapo kuwa zimejigawa mara moja tu. Mbinu hii ya Michael Fenech na Alexander Morley wa Australia, iliyochapishwa mwaka 1985, iliondoa tatizo kubwa la awali, yaani kuchanganya seli zilizojigawa na zile ambazo hazijajigawa kabisa.

Tatizo lililobaki ni la macho, na ndilo zito zaidi. Kanuni zinasema kwamba kipenyo cha kiini kidogo kiwe kati ya 1/16 na 1/3 ya kipenyo cha kiini kikuu. Kiwe na umbo la duara au yai. Kisiunganishwe na kiini kikuu. Kinaweza kukigusa, lakini kisipandane nacho, na mpaka baina yao uonekane wazi. Zisome mezani, utaona hazina utata. Tazama kwenye hadubini slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa, ukute kidoa kimeegemea ukingo wa kiini na mpaka wake umefifia upande mmoja: mhesabu makini atakiandika, na mwenzake, makini vile vile, atakiacha. Chembe ya rangi iliyoganda nayo inaweza kumdanganya mtu, ingawa yenyewe hung'aa fokasi inapobadilishwa.

Mradi wa kimataifa wa HUMN (Human Micronucleus, yaani mradi wa viini vidogo vya binadamu) ulianzishwa mwaka 1997 kushughulikia jambo hili. Katika zoezi lililochapishwa mwaka 2003, maabara 34 zilihesabu slaidi za seli zilizooteshwa pamoja, nyingine zikiwa hazikupigwa mionzi, ambayo huvunja kromosomu, na nyingine zikiwa zimepewa grei 1 au 2 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi), na maabara zote zikatumia kanuni zile zile. Maabara zote zilizipanga slaidi kwa usahihi kutoka mionzi kidogo hadi mingi, lakini namba zenyewe bado zilitofautiana. Naliona hilo kuwa tokeo muhimu kuliko yote: kanuni za pamoja hazitoshi, ni lazima wahesabu wenyewe wapimwe kwa slaidi za pamoja. Tena, kwa mtu asiyepata mionzi viini vidogo huwa vichache sana, hivyo tofauti ya viwili au vitatu tu inaweza kulibadilisha jibu lote.

Kuna na umri na jinsia, kwa sababu viini vidogo huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na wanawake huwa navyo vingi kuliko wanaume. Maabara inayopokea zaidi damu ya wazee itatoa wastani wa juu hata ikihesabu vizuri.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia watu zaidi ya 6,700 katika nchi 10 na kuonyesha kwamba wenye viini vidogo vingi walipata saratani zaidi baadaye, haukulinganisha namba ghafi. Kila mtu aliwekwa katika kundi la chini, la kati au la juu kwa kupimwa dhidi ya wenzake wa maabara ile ile. Ningependa kila ripoti ieleze kiwango cha kawaida cha maabara yake, na kila maabara itunze slaidi za rejea ambazo wahesabu wake watazirudia mara kwa mara bila kujua ni zipi.