Ndugu Katibu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikiandika majina kwenye kadi za mchango wa harusi ya binamu yangu, kwa mkono, juu ya vile vidoti vinavyofuata "Mhe./Dkt./Bw./Bi." Kwenye ya diwani wetu nilivikata vile vifupisho vyote nikaandika "Ndugu", kwa mazoea niliyorithi kwa baba. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, aliisogeza kwenye taa, akaisoma mara mbili, kisha akanirudishia. "Mwanangu, ukiipeleka hivi tutaambulia elfu kumi." Nikaandika nyingine.

Baba alikariri utotoni ahadi ya wanachama wa TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na kwake neno hilo halina ngazi. Sidai kwamba enzi zake watu walikuwa sawa. Ndugu Waziri alipanda gari la serikali, na aliyemwita hivyo alisubiri basi. Lakini Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilimkataza kiongozi huyo kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba, kwa hiyo aliyeitwa ndugu alikuwa na masharti ya kuubeba undugu huo, hata kama wapo walioyakwepa kwa majina ya wake zao. Masharti hayo yalilegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Jina likabaki, bila mzigo wake.

Nimeanza kulifuatilia, na ninaona kwamba siku hizi ndugu hushuka tu. Barua ya onyo kazini huanza na "Ndugu". Kampuni ya simu huniita "Ndugu mteja" inaponiarifu kwamba kifurushi kimekwisha. Kinachopanda ni mheshimiwa, nacho kimeshatoka bungeni na kufika mitaani: kijana anayenielekeza kuegesha gari Kariakoo huniita hivyo akitarajia mia tano, nami, nikiri, hutabasamu kabla sijaingiza mkono mfukoni.

Leo asubuhi diwani ametuma laki moja kwa simu. Ujumbe wake ulianza, "Ndugu Katibu, pokea mchango wangu." Niliusoma nikatafakari kama ananiita kama baba anavyoita watu, au kama mwajiri anavyoandika barua zake. Kisha nikamjibu: "Tumepokea, ahsante sana Mheshimiwa."