Siku ya Kufunga Maji

Mwanzoni nilidhani bomba limeharibika.

"Kesho wanafunga maji ya chemchemi," aliniambia mama mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi jikoni. "Usikose kuja."

Tulikuwa tunakung'uta trei katika jengo la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Marshall, mjini Huntington, West Virginia. Ilikuwa Jumanne, Novemba 13, 2012. Nilikuwa nimefika kutoka Mbeya mwezi Agosti kusoma shahada ya uzamili, na ile kazi ya jikoni ndiyo iliyonipa fedha za matumizi. Wenzangu wote walimwita yule mama kwa jina lake. Mimi ulimi uligoma. Alikuwa rika la mama yangu mzazi, nikawa namwita Mama, naye akaitika.

Nikamuuliza kama fundi anakuja kutengeneza. Aliweka trei chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akanitazama.

"Hujaambiwa?"

Kwa miezi mitatu nilikuwa nimepita mbele ya chemchemi ile kila siku. Si chemchemi ya ardhini. Ni sanamu ya shaba iliyotengenezwa na Harry Bertoia, mchongaji aliyezaliwa Italia, yenye kimo cha futi 13 na uzito wa karibu tani tatu. Ameichomelea vijiti vya shaba vikashikana chini kama mganda wa mpunga, vikafunguka juu, maji yakawa yanapita humo. Nilipenda kula chakula changu cha mchana hapo kwa sababu ya sauti ya yale maji. Kulikuwa na bamba lenye maandishi, hatua chache tu kutoka nilipozoea kukaa. Nilikuwa sijalisoma. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mama akanisimulia pale pale, trei zikiwa zimerundikana mbele yetu na hakuna aliyetuharakisha.

Jumamosi, Novemba 14, 1970, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Marshall, wanaoiita Thundering Herd kwa mfano wa kundi la nyati likikimbia kwa kishindo, ilikwenda North Carolina kucheza na East Carolina. Ikafungwa 17 kwa 14. Jioni wakapanda ndege ya kukodi kurudi nyumbani. Kulikuwa na mvua na ukungu, mawingu yameshuka. Saa moja na nusu usiku ikiwa imepita kidogo, ndege ikiteremka kuelekea kiwanja cha Tri-State, nje kidogo ya mji, iligonga miti juu ya kilima kabla ya kuifikia njia ya kutua. Ikaanguka na kuwaka moto. Ndani walikuwemo watu 75. Hakupona hata mmoja.

Wachunguzi walikuja kueleza kwamba ndege ilishuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa, hali marubani hawajaiona njia. Huenda kipimo cha mwinuko kilikosea, huenda vipimo vilisomwa vibaya. Mama hakuyatilia maanani hayo. Yeye alihesabu watu. Wachezaji 37. Kocha mkuu Rick Tolley na wasaidizi wake. Mkurugenzi wa michezo wa chuo. Wafanyakazi wa ndege. Na watu wa mjini 25 walioisaidia timu, wakiwemo madaktari na wafanyabiashara, baadhi yao wamekwenda na wake zao. Watoto 70 walipoteza mzazi usiku ule, na 18 kati yao walibaki bila baba wala mama.

Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili. "Tuliporudi shule," alisema, "mwalimu akaita majina kwenye daftari la mahudhurio kama kawaida. Akafika kwa rafiki yangu, akanyamaza. Rafiki yangu alikuwa kwao, wanazika."

Akachukua trei akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimeshatoka Huntington, nimerudi Mbeya, mwaka 1993.

Baba yangu alikuwa fundi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kabla sijazaliwa alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya Mpika, upande wa Zambia, na alirudi Mbeya na vitu viwili: Kibemba cha kuweza kutaniana na mtu yeyote, na mapenzi ya timu ya taifa ya Zambia. Aprili 28, 1993 nilikuwa na miaka minane. Nilimkuta asubuhi amekaa kwenye kigoda uani, redio ipo mapajani, ameikumbatia kama mtoto. Chai yake imepoa, imeweka utando. Ndege ya jeshi iliyowabeba wachezaji wa Zambia kwenda Senegal ilikuwa imeanguka baharini karibu na Libreville, Gabon, usiku uliotangulia. Watu 30, wote wamekufa, wachezaji 18 wakiwemo. Kalusha Bwalya alinusurika kwa sababu alikuwa Uholanzi, akichezea PSV, na angeungana na wenzake huko huko Senegal. Baba hakwenda kazini siku ile, na sikuwahi kumwona akikosa kazi.

Basi Jumatano, Novemba 14, nikaomba ruhusa, nikatoka nje na aproni yangu.

Uwanja ulioizunguka chemchemi ulikuwa umejaa. Baridi ilikuwa inauma, maana sisi wa Mbeya tunajisifu kwa baridi lakini ile ilikuwa nyingine. Wanafunzi, wazee, walimu wangu, na wachezaji wa timu ya mwaka ule wamevaa kijani, miili mikubwa imesimama kimya kwa adabu kama vijana msibani. Mama alinishika mkono akanipenyeza hadi mahali ambapo tungeona vizuri. Wakati tukisubiri alizidi kunieleza kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mji huu unaushikilia mchezo ule kwa namna ile. Nilikuwa nimeiona mechi moja tu tangu nifike, na kwa kweli sikuelewa kwa nini watu wanalia kwa ajili ya mpira wa umbo la yai.

Baada ya ajali, alisema, wako waliotaka timu ivunjwe moja kwa moja. Ni nani angeichezea? Waliobaki walikuwa wachache: waliokuwa majeruhi, kama Nate Ruffin, na wa mwaka wa kwanza, ambao kwa kanuni za wakati ule hawakuruhusiwa kuchezea timu ya wakubwa. Chuo kiliomba, na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikawakubalia hao wa mwaka wa kwanza wacheze. Kocha msaidizi Red Dawson hakuwemo kwenye ndege. Alikuwa safarini kwa gari kutafuta wachezaji wapya. Alikubali kubaki msimu mmoja. Akaja kocha mkuu mpya, Jack Lengyel, kutoka chuo kidogo cha Wooster, Ohio. Wakaokoteza vijana kutoka michezo mingine.

Niliposikia habari za Dawson nilimkumbuka Kalusha. Nikajiuliza mtu analalaje usiku, akijua kiti chake kilikuwa wapi.

"Septemba 25, 1971," Mama alisema, na hapa sauti yake ilibadilika, "baba yangu alinipeleka Fairfield." Fairfield ndio uliokuwa uwanja wa Marshall siku hizo. Ilikuwa mechi ya kwanza nyumbani baada ya msiba, na mpinzani alikuwa Xavier. Zimebaki sekunde za kuhesabu kwa vidole, Xavier inaongoza 13 kwa 9. Reggie Oliver, kijana aliyekuwa akigawa mipira, akamtupia Terry Gardner pasi fupi pembeni. Mama alinionyesha kwa mikono yake, pale pale kwenye baridi: mkono mmoja unatupa, mwingine unapokea, kisha vidole viwili vinakimbia juu ya kiganja, yadi 13, hadi mstari wa mwisho. Muda ukaisha. 15 kwa 13.

"Watu hawakuondoka," alisema. "Baba yangu alikuwa mtu mgumu, sijamwona akilia hata kwenye msiba wa mama yake. Alikaa chini kwenye ngazi za uwanja akalia mpaka giza likaanza kuingia. Mimi nilikuwa nimeshika kofia yake."

Msimu ule walishinda mechi mbili tu kati ya kumi. Miaka mingine mingi ikafuata ya kufungwa na kufungwa tena. Ilibidi wangoje hadi 1984 kupata msimu ambao ushindi ulizidi vipigo. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1992 wakawa mabingwa wa daraja lao, wakarudia 1996, wakapanda daraja la juu kabisa, na mwaka 1999 wakamaliza msimu bila kufungwa, mechi 13. Mama aliyataja makombe haya haraka haraka. Kwake yeye kombe lilikuwa lile la pointi mbili dhidi ya Xavier.

Wakaanza kusoma majina.

Nilitegemea hotuba, na hotuba zilikuwepo, lakini sikumbuki hata moja. Nakumbuka majina. Yalisomwa moja moja, bila haraka, hadi yakatimia 75. Kila jina liliachwa lisimame peke yake kabla ya linalofuata, na katikati yake ulisikia maji ya chemchemi tu. Mara nyingine majina mawili yalifuatana yenye ukoo mmoja, ukajua hapo ni mume na mke. Mbele yetu alikuwa mzee mmoja mwenye mvi, ameshika kofia ya kijani kifuani. Jina fulani liliposomwa aligusa ukingo wa kofia yake kwa kidole gumba, mara moja, kama mtu anayebonyeza kitu. Sikumjua, wala sikujua ni jina la nani wake. Mama aliminya mkono wangu kwenye jina la babake rafiki yake.

Kisha wakafunga maji.

Sikuona ni nani aliyefunga wala alibonyeza nini. Niliona maji yaliyokuwa juu yakianza kuteremka, yakapungua, yakawa michirizi kwenye vijiti vya shaba, kisha matone. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni ule ukimya. Miezi mitatu nilikuwa nimeishi na sauti ile bila kujua kwamba naisikia, na sasa haikuwepo, na watu mamia wamesimama hawasemi neno. Tone moja lilining'inia kwenye ncha ya kijiti, likakaa sana, likaanguka. Yasingefunguliwa tena mpaka majira ya kuchipua.

Watu walipotawanyika nikaenda kusoma bamba. Linasema wataishi daima ndani ya mioyo ya jamaa na rafiki zao, na kwamba kumbukumbu hii inaweka wazi hasara iliyowapata chuo na mji. Nilisoma mara mbili. Mama akaninyooshea kidole kilima kilichopo nyuma ya mji, makaburi ya Spring Hill. Huko wamezikwa wachezaji sita ambao miili yao haikuweza kutambuliwa. Nate Ruffin, yule aliyenusurika kwa kuumia mkono, alipofariki mwaka 2001 alizikwa huko huko jirani nao, kwa matakwa yake mwenyewe.

Zamu yangu ilikuwa bado. Nilikwenda nyuma ya jengo, nikakwangua kadi ya simu niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Krismasi, nikapiga Mbeya. Huntington ilikuwa saa saba mchana, nyumbani saa tatu usiku.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Leo si Jumapili."

Nikamwambia yote. Ndege, kilima, wale watoto 18, maji. Baba alisikiliza bila kunikatiza, na haikuwa kawaida yake. Mwezi Februari mwaka ule ule tulikuwa tumekaa pamoja sebuleni tukiwatazama Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, wakicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko huko Libreville, mji ule ule. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Walipoishinda Ivory Coast kwa penalti, 8 kwa 7, mimi niliruka na kupiga kelele. Yeye aliinuka, akatoka uani, akasimama gizani peke yake. Sikumfuata.

"Walisoma majina yote?" akauliza sasa.

"Yote, baba. Sabini na tano."

"La kila mtu peke yake?"

"La kila mtu peke yake."

Akanyamaza. Nilisikia kigoda kikiburutwa, akikaa. Kisha akaanza, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kutufundisha sala tulipokuwa wadogo: "Efford Chabala. John Soko. Whiteson Changwe. Robert Watiyakeni. Eston Mulenga. Derby Makinka..."

Nilisimama nimeegemea ukuta, simu sikioni, mikono inanuka sabuni ya vyombo. Alikuwa amefika kwa Kelvin Mutale, kadi ikaisha.