Shemeji wa Pemba na michikichi ya babu

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kulivalia njuga zao la mchikichi. Baada ya hapo kila mtu kwetu Mwandiga akawa anaimba tenera, mchikichi wa kisasa, na baba akaita mtu wa msumeno. Michikichi aliyoiacha babu ilikuwa imerefuka, wakweaji wameadimika, na chikichi zake ganda nene, nyama kiduchu.

Shemeji yangu, mtu wa Konde, Pemba, alikuwa kwetu na dada kusalimia wakwe. Akazunguka shina moja baada ya jingine.

"Baba, hii yote inakatwa?"

"Yote. Ya nini?"

Ndipo akatusimulia mpapindi. Ni mti wa jamii ya minazi na michikichi, huota mashina mengi kwa pamoja, matunda mekundu. Ndugu zake wengi wako Madagaska. Wenyewe, mwituni, uko Pemba tu, hasa msitu wa Ngezi.

"Unatoa mafuta?" baba akauliza.

"Hautoi."

"Na mnaulinda!" Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Shemeji hakukasirika. Akasema watu wameupanda kwenye bustani zao hadi Dar es Salaam, kwa urembo. Basi umeshapona, baba akamkata. "Haujapona, baba. Bustanini mbegu ikianguka inafagiliwa. Ngezi ikianguka inaota."

Hilo, kwa maoni yangu, halikumgusa baba hata kidogo. Mchikichi umejaa kuanzia Guinea hadi Kongo, utaisha vipi? Aliyemgusa ni bwana shamba, tulipokwenda kituo cha utafiti cha Kihinga kuulizia miche. Alieleza kwamba tenera huzalishwa kwa kupandikiza chavua ya pisifera, usio na ganda, kwenye maua ya dura, wenye ganda nene. Ukipanda mbegu za tenera mwenyewe, shamba linatoka mchanganyiko: robo dura, robo pisifera ambayo kwa kawaida haizai, nusu tu ndiyo tenera.

"Dura ndiyo hii yangu?"

"Ndiyo hiyo, mzee. Mama yake tenera."

Njiani baba hakuongea na shemeji. Nadhani iliuma kukubaliana na mkwe.

Msumeno ukapita kwenye michikichi ya karibu na nyumba, iliyokuwa kweli inatishia bati, miche ya tenera ikachukua nafasi yake. Ya mpakani ikabaki. Mama ndiye aliyefurahi zaidi: mise zake, yaani kokwa za chikichi, za kugonga hazikukatika.