80100 si ya bahasha tu

Wengi wetu hapa Mombasa twaiandika 80100 kwenye anwani ya posta bila kuichungulia ndani. Haya, tuichambue.

Igawanye kwa 100 kwanza, upate 801. Hapa ndipo watu huteleza: wakiona imeishia na 1 husema ni nambari tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jumlisha tarakimu, 8+0+1, upate 9, basi 801 yagawika kwa 9, jibu 89. Hiyo 89 ndiyo tasa. Ijaribu kwa 2, 3, 5 na 7 peke yake, kwa sababu 11 mara 11 ni 121, imeshaipita 89.

Kwa hivyo 80100 = 2² × 3² × 5² × 89. Idadi ya vigawo (nambari zinazoigawa bila kubakisha): ongeza 1 kwa kila kipeo, ile tarakimu ndogo ya juu, kisha uzidishe, 3×3×3×2 = 54. Ukisahau ile 89 ina kipeo 1 kisichoandikwa, utaambulia 27, nusu ya jibu.

Jumla ya vigawo ni (1+2+4)×(1+3+9)×(1+5+25)×(1+89), yaani 7×13×31×90 = 253,890. Toa 80100 yenyewe, zasalia 173,790, zaidi ya mara mbili ya nambari nzima! Linganisha na 28, ambayo vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe hujumlika 28 barabara.

Utamu wenyewe ni miraba. 80100 ni jumla ya miraba miwili kwa njia tatu: 240²+150², 264²+102², na 282²+24². Ya nne haipo, usijichoshe.