Nilivyolizoea neno "estival" la Kireno

Majina ya majira kwa Kireno hayakunitoa jasho: primavera (machipuko), verão (majira ya joto), outono (majira ya majani kupukutika), inverno (majira ya baridi). Shughuli ilikuwa kwenye vivumishi. Kutoka primavera unapata primaveril, outono inazaa outonal, inverno invernal, na udugu wao unauona kwa macho. Ukifika verão, unakutana na estival, yaani "-a majira ya joto". Wapi na wapi?

Kilichonisaidia ni neno estio, jina la zamani la majira hayohayo, ambalo siku hizi utalikuta zaidi vitabuni. Shina lake ni lile la Kilatini, aestas. Estiagem nayo, yaani kipindi cha mvua kukatika, ni ya ukoo huo. Nilipoyaweka matatu hayo pamoja, estival likakaa kichwani bila kukaririwa.

Umbo lake halibadiliki kwa jinsia, jambo la kushukuru katika lugha hii: calor estival (joto, neno la kiume), noite estival (usiku, neno la kike). Wingi ni estivais. (Primaveril huwa primaveris, basi usiseme "primaverais".)

Matumizi ndiyo yaliyotaka subira. Dukani hakuna anayetafuta roupa estival (nguo za majira ya joto). Watu husema roupa de verão, na likizo ni férias de verão. Estival ni neno la magazeti, la utabiri wa hali ya hewa na la waandishi wanaopenda kupamba. Kwa hiyo nikizungumza natumia de verão, na estival naliacha kwenye maandishi.

Sasa njoo kwenye tafsiri. Lisbon, verão ni Juni hadi Septemba, jua kali na mvua haba. Maputo ni kinyume chake: joto na mvua huja pamoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kama Machi. Chuvas estivais za Msumbiji ukiziita "mvua za kiangazi", msomaji wa Dodoma atakushangaa, kwani kiangazi chake ni kikavu. Mimi huangalia kwanza habari imetoka nchi gani, kisha naandika "mvua za majira ya joto" na kutaja miezi yenyewe.

Tena lisichanganywe na sazonal, ambalo ni la msimu wowote ule: gripe sazonal (mafua ya msimu), trabalho sazonal (kazi ya msimu). Mchuma zabibu wa Septemba na mchuma zeituni wa Novemba wote ni trabalhadores sazonais, wafanyakazi wa msimu, ingawa huyo wa pili jua la estio halimhusu.