Shemeji yangu na mapengo yake ya Aprili

Drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ni ile siku ya Aprili timu zinapochagua kwa zamu vijana wapya kutoka vyuoni. Ikikaribia, mimi na shemeji yangu tunarudia ubishi uleule: timu ichague mchezaji bora aliyebaki, au izibe nafasi iliyo wazi? Yeye ni mtu wa mapengo. Timu haina mkimbiaji, yule wa kukimbia na mpira? Basi ichukue mkimbiaji, mjadala umefungwa. Mimi nina daftari. Wachezaji ninaoona wanalingana nawaweka kundi moja, napiga mstari, chini yake linafuata kundi jingine. Ndani ya kundi moja chagua unayemhitaji, sina ugomvi na mtu. Kinachonikera ni timu kuruka mstari kwenda chini, ikamwacha mchezaji bora juu, eti kuna nafasi ya kuziba.

Pengo la Aprili lenyewe halidumu. Usajili wa wachezaji huru huanza Machi, majeruhi hawapigi hodi, na Septemba ligi ikianza timu ina mahitaji mengine kabisa. Wakati huohuo kijana wa raundi ya kwanza ana mkataba wa miaka 4, na klabu ina haki ya kuongeza wa 5.

Shemeji nikitaka kumnyamazisha namtajia Baltimore, 1996. Timu imehama kutoka Cleveland mwaka huohuo, haina hata historia ya jina lake jipya, na zamu yake ya kuchagua ni ya 4. Mkimbiaji anahitajika, na Lawrence Phillips wa Nebraska bado yupo. Mmiliki, Art Modell, anamtaka. Ozzie Newsome, aliyekuwa akisimamia usajili, anaangalia orodha yake na juu kabisa anaona jina la Jonathan Ogden, jitu la kumlinda kotabeki, yaani mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, upande wa kushoto. Upande huo tayari una mwenyewe, Tony Jones. Newsome akamchukua Ogden vilevile. Msimu wa kwanza wakamchezesha nafasi ya ndani, pembeni ya Jones. Uliofuata Jones akauzwa Denver na Ogden akahamia kwake. Chaguo la 26 siku hiyohiyo likawa Ray Lewis. Wote wawili wako kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Phillips alikwenda kwa Rams chaguo la 6, na hakudumu.

Minnesota 1998 ni hivyohivyo: tayari wana wapokeaji, wadakaji wa pasi, Cris Carter na Jake Reed, bado wakamwita mpokeaji mwingine, Randy Moss, chaguo la 21. Akafunga tachdauni 17, yaani mabao ya kuvuka mstari wa mwisho, akiwa mgeni, na timu ikashinda mechi 15 na kupoteza 1.

Shemeji naye ana yake, nayo ni Cincinnati 2021. Kotabeki wao Joe Burrow alikuwa ameumia goti vibaya Novemba iliyotangulia, safu ya kumlinda ilikuwa uchochoro, na kwenye chaguo la 5 Penei Sewell, mlinzi wa daraja la juu, alikuwepo. Wakamchukua mpokeaji, Ja'Marr Chase, rafiki wa Burrow tangu chuo cha LSU. Chase akapata yadi 1,455 na timu ikafika Super Bowl, fainali ya ligi. Lakini njiani, dhidi ya Tennessee, Burrow aliangushwa na mpira mkononi mara 9, na fainali yenyewe dhidi ya Rams mara 7. Wakafungwa 23-20. "Angalia mara 7 hizo," shemeji hunikumbusha, kama vile nilikuwa nimelala. Mimi kwenye daftari nilikuwa na Chase na Sewell kundi moja, kwa hiyo hapo kila mtu ana haki ya kuchagua. Ila bila Chase sioni hiyo fainali wangeifikiaje, na walinzi walikuja kununuliwa sokoni Machi iliyofuata. Chase hauzwi sokoni.

Green Bay ndiyo inanipa shida kweli. Mwaka 2005 walimchukua kotabeki Aaron Rodgers chaguo la 24 huku kotabeki wao Brett Favre akiwa bado mzima, Rodgers akakaa benchi miaka 3, kisha akawapa ubingwa. Hapo napiga kifua. Mwaka 2020 wakarudia mchezo: wametoka kucheza fainali ya kanda, hatua moja kabla ya Super Bowl, Rodgers anahitaji mpokeaji, wao wanabadilishana zamu na timu nyingine kupanda mpaka chaguo la 26 kumfuata kotabeki mwingine, Jordan Love. Rodgers akatwaa tuzo ya mchezaji bora misimu 2 mfululizo, na Super Bowl hakuiona tena akiwa pale. Love alikuja kuwa kotabeki mzuri. Lakini miaka ile ya Rodgers hairudi, na kwa hilo shemeji ana hoja.

Tatizo ni kwamba kotabeki anacheza mmoja tu. Wapokeaji 3 unawapanga wote uwanjani, mlinzi wa ziada unamsogeza ndani kama Ogden. Kotabeki wa pili anashika ubao wa michoro. Atlanta walimwahidi kotabeki Kirk Cousins mkataba wa dola milioni 180 Machi 2024, na Aprili chaguo la 8 wakalitumia kwa kotabeki mwingine, Michael Penix Jr. Desemba Cousins alikuwa benchi. Walikuwa sahihi mara ya pili au walikosea mara ya kwanza? Mistari yangu haijibu swali hilo, kwa hiyo makotabeki nimewahamishia ukurasa wao peke yao. Shemeji anasema huko ni kukubali mahitaji kwa mlango wa nyuma. Bado tunabishana.